Uchafu wa Bei Mbaya

Msomi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani yake isiyo na vioo, alikwenda kwa fundi cherehani kupunguza suruali, akaona utajiri ndani ya kopo la vifungo. Sarafu kumi za fedha, urithi wa fundi kutoka kwa baba yake, zilikuwa zimelala humo miaka arobaini na kuingia rangi zenyewe, zambarau katikati na buluu ukingoni. Msomi alimjua mzee mmoja, mkusanyaji wa sarafu za kale, ambaye kwa rangi zisizotiwa na mkono wa mtu alilipa mara tano ya bei ya kawaida.

"Dada yangu," alisema kwa huzuni ya kuazima, "fedha hizi zimeoza. Ona uchafu huu. Zingekuwa zinang'aa, ningekupa bei nzuri."

"Na hivi zilivyo, kaka?"

Akataja bei ya kuchekesha. Fundi akakubali, mradi azichukue zote kumi, na alipe taslimu.

Msomi hakuwa na kitu. Alikuwa na makochi tu, yaani mkewe alikuwa nayo, na mkewe alikwenda kumsalimia mama yake hadi jioni. Mwizi huiba; Msomi, mtu wa heshima zake, aliyaazima makochi akayauza. Kabla ya jioni angenunua mengine, ya ngozi, na mke angeona ameolewa na mwanamume.

Saa tisa alilipa, akapokea kifurushi cha kitambaa kilichoshonwa pande zote, akakimbia nacho kwa mkusanyaji.

Mzee alikata uzi, akatazama. Sarafu zilimetameta kama sufuria mpya.

"Nani kaziua?"

"Kaziua?"

"Rangi hiyo ikishasuguliwa hairudi. Na zimekwaruzwa. Mpelekee sonara aziyeyushe."

Sonara alitaja bei ya kununulia mkeka. Msomi akarudi kwa fundi akihema.

"Dada, umezifanya nini?"

"Nimezisugua kwa majivu na ndimu tangu ulipoondoka, mpaka kucha zimeisha. Nikuuzie uchafu, mtu mwema kama wewe?" Fundi akamtolea kiti. "Sasa zinang'aa. Ile bei nzuri uliyosema ni ngapi?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, nimeshafika nyumbani. Miguu inaniuma kweli. Hebu niambie, nikae wapi?"