Ugonjwa wa Anatole

Jumatatu, 4 Machi 2024

Karatasi tena! Madame Constance, msimamizi wa maktaba zetu mbili, kaja asubuhi na fomu ya maswali. Maktaba mbili: ya hapa Baraka ninayoitunza mimi, na ya Fizi anayoitunza Anatole, yule mwenye kalamu tatu mfukoni na rafu zisizo na vumbi. Fomu inauliza kama mtunza vitabu anaweza kukubali kumwona mtaalamu wa mambo ya akili. Ndiyo au hapana. Kama hapana, kwa sababu gani.

Nimeandika HAPANA. Sababu ya kwanza: niko mzima. Ya pili: watu watasema. Ya tatu: nani atamwachia kichaa funguo za maktaba? Ya nne: wako wanaoteseka kuliko mimi. Nafasi ikaisha. Nikageuza karatasi.

Hapo mwanafunzi mmoja akaangusha kamusi. Puu! Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza. Madame Constance akainama, akauliza natafuta nini. Nikasema kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi. Akaitazama, akaenda kuokota kamusi. Afadhali angesema.

Jumanne, 5 Machi

Kirezi, mke wangu, kashapata habari ya meza. Mji huu! Anasema niende kituo cha afya kwa Mama Georgette, yule anayesikiliza watu wenye mawazo mengi. Anasema tangu vita vituteremshe kutoka Bibokoboko, nilikoacha maktaba ya shule ikiungua na vitabu vyake mia mbili na kumi na viwili, mimi si yule mwanaume aliyemwoa. Nafunga maktaba, nafika nyumbani, narudi kuangalia kama nimefunga. Jana mara nne. Nikamwambia huo ni uangalifu wa kazi.

Halafu akasema yeye mwenyewe ameshakwenda. Mara tatu! Na mimi alikuwa ananiambia anakwenda kusagisha mihogo. Sasa naelewa kwa nini unga haukuwa unaongezeka.

Nikamweleza taratibu, kama mtu mwenye akili. Mlango wa Mama Georgette unatazamana na mashine ya kusagia. Pale wanakaa bamama thelathini na mabeseni yao. Ukiingia saa nne, saa sita wewe ni kichaa mpaka Mboko. Tena mchungaji aliniombea mwezi wa kwanza. Nikienda kule ni kama kusema maombi yake hayakufika. Kirezi akasema huyo mchungaji yeye amemkuta kwenye benchi la Mama Georgette, akingoja kuingia. Nikauliza anaumwa nini. Akanijibu kwamba ya benchi hayatoki nje: "Kule habasemake."

Unaona? Hata mke wangu ana siri na mchungaji.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Mpango wangu ulikuwa safi. Bamama wote wamevaa kitenge cha Machi nane, wamekwenda kuandamana. Mashine imefungwa. Hakuna beseni, hakuna jicho. Nikasema leo ndiyo leo, nitaingia kwa Mama Georgette, nitoke, nani atajua?

Nikafika. Kimya. Nikabisha. Kimya. Nikabisha zaidi. Kumbe Mama Georgette naye ni mwanamke! Hilo sikulipanga.

Nikageuka niondoke polepole, kama mtu aliyepotea njia. Kwenye barabara kubwa nikakutana na maandamano yenyewe, mistari kwa mistari, na Mama Georgette mbele ameshika bango. Ningepita salama. Lakini zamu wa kituo, mlinzi asiye na kazi nyingine duniani, alikuwa ananifuata mbio huku akipiga kelele: "Papa Maktaba! Papa Maktaba! Ule mama wa mawazo unatafuta, iko pale mbele!"

Mistari ilisimama. Ngoma ilisimama. Bamama wakaanza kunipungia mikono. Kirezi alikuwa mstari wa tano. Naye akapunga.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefikiri siku tatu. Tatizo si kwenda. Tatizo ni kwenda kama mgonjwa. Anayekwenda kumsemea mwingine ni mtu mwema!

Nikaenda mchana wazi, nikawasalimu bamama wa mashine kwa sauti, nikatangaza kwamba nimekuja kwa ajili ya mwenzangu. Nikaingia. Mama Georgette akauliza huyo mwenzangu anaitwa nani. Jina sikuwa nimeliandaa. Mdomo wenyewe ukasema: Anatole, wa maktaba ya Fizi.

Basi nikamweleza hali ya Anatole. Kwamba anahesabu vitabu mara tano kwa siku. Kwamba anarudi kuangalia kufuli. Kwamba kitu kikianguka anajikuta chini ya meza. Kwamba akisikia harufu ya karatasi inayoungua anatoka mbio, hata kanisani. Kwamba kuna vitabu fulani vilivyobaki mahali fulani, na yeye ndiye aliyefunga mlango akifikiri anavilinda. Mama Georgette hakunikatiza. Mara moja tu aliuliza Anatole anajisikiaje akikumbuka mlango ule. Nikalia. Kwa ajili ya Anatole! Nilishangaa, maana hata simpendi.

Akanipa kitambaa. Akasema Anatole amepata rafiki. Akanionyesha zoezi la kumpelekea: kukaa, kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, kuvuta pumzi ndefu. Akauliza kama anaweza kumpitia Fizi, kumsalimia tu. Nikasema bila shaka. Barabara ya Fizi imeharibika kwa mvua, nani atafika?

Nimerudi mwepesi. Nimekula bugali na samaki wadogo wa ndagala mara mbili. Zoezi nimelijaribu mwenyewe kwanza, nisije nikampelekea mwenzangu kitu kibovu.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Georgette amefika Fizi! Mwanamke wa umri ule, juu ya pikipiki, ndani ya tope lile!

Simu ya Anatole ililia mara tatu, nikaiangalia tu. Ya nne nikapokea. Nilishaandaa maneno: kwamba mtu fulani ametumia jina langu. Sikupata nafasi ya kuyasema. Anatole alikuwa analia. Anatole, wa kalamu tatu! Akasema: "Kaka Néhémie, mi nilikuwa nazani hakuna mutu anaona."

Akanieleza. Tangu mwaka juzi, siku risasi zikilia, hata za mbali, sauti yake inapotea mpaka mchana. Wasomaji wanamuuliza kitabu, yeye anaonyesha kwa kidole. Wakadhani ni maringo. Hata mimi nilidhani ni maringo. Mama Georgette amekaa naye saa mbili, na atarudi kila wiki. Akanishukuru mpaka salio lake likaisha.

Nimekaa na simu mkononi. Nimekasirika sana! Mimi nimemzulia mtu ugonjwa kwa jasho langu, kumbe tayari anao wake. Na sasa yeye ndiye anayetembelewa kila wiki.

Jumatatu, 18 Machi

Kikao hapa Baraka. Madame Constance, Mama Georgette kama mgeni, Anatole, mimi, na wanakamati wanane wa wasomaji. Anatole akasimama akasema yote mbele ya watu. Risasi, sauti, kidole. Mimi nilikuwa naangalia sakafu kwa niaba yake. Nikangoja wacheke. Nikangoja Madame Constance amwombe funguo.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa kamati akasema hata yeye usingizi umemkimbia tangu ang'oke kijijini kwake, na akauliza Mama Georgette anapatikana siku gani. Wengine wawili wakaandika hizo siku. Kisha Madame Constance akatangaza kwamba Anatole ndiye atakayekwenda mafunzo ya watunza vitabu Uvira, wiki mbili, maana mtu anayejijua anaweza kutunza mahali pa watu.

Uvira! Mafunzo niliyoyangoja mwaka mzima, nikijificha ili nisiyapoteze!

Anatole akasema shukrani zote ni zangu, mimi ndiye niliyemwona. Wakanipigia makofi. Madame Constance akaniuliza: na wewe, Papa Néhémie, hujambo? Nikasema niko mzima kabisa, asante.

Mama Georgette akanisindikiza mpaka kwenye lango. Akasema polepole, macho yake barabarani, kwamba amekaa na Anatole saa mbili nzima na Anatole hana habari ya kufuli. Anatole hajawahi kuishi mahali ambapo maktaba imeungua. Akasema Alhamisi saa tatu yuko peke yake, na mashine haisagi kabla ya saa tano. Alisema hivyo kwa upole.

Nikamshukuru. Nikamwambia nitamfikishia Anatole ujumbe.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda. Saa tatu kasoro. Njia nyeupe, hakuna mtu. Nilisimama mlangoni muda mrefu, nikafanya zoezi la miguu miwili. Nikajiambia: Néhémie, sema tu. Neno lenyewe ni dogo. Ni "mimi".

Mama Georgette akafungua, akaniketisha, akachukua daftari. Akanitazama vizuri. "Papa Néhémie, leo umekuya juu ya nani?"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa palepale, kwenye ulimi. Nikalisikia kabisa.

Nikasema: shemeki yangu, kaka wa Kirezi, Lionel, wa Ubwari.

Hakushangaa. Akaandika. Akauliza shemeki anafanya kazi gani. Nikasema ni mvuvi, lakini wa vitabu sana. Akauliza vingapi. Nikasema mia mbili na kumi na viwili. Akasema nimweleze juu ya siku ile, toka asubuhi. Nikaeleza toka asubuhi. Saa moja na nusu! Mlango, ufunguo, moshi, njia ya kuteremka, yote. Nililowesha vitambaa viwili vya Lionel.

Safari hii sijafanya kosa. Ubwari hufiki ila kwa mtumbwi, na nimeshamuuliza zamu: Mama Georgette anaogopa maji. Hatakwenda! Lionel ni wangu peke yangu. Tumempangia kila Alhamisi, saa tatu.

Wakati wa kuagana Mama Georgette akasema angefurahi kama siku moja shemeki angekuja mwenyewe. Nikamwambia asitegemee sana. Lionel ni mtu mbishi, anajificha hata kwa mke wake, na kukubali msaada kwake ni kazi ngumu. Namjua vizuri.