Giaboksi ya Mama Mayai

Laini hakuwa fundi. Alikuwa muuza vipuri, na ulimi wake ulikuwa na grisi kuliko kipuri chochote dukani. Siku alipomwona Mama Mayai akija na gari lake likivutwa kwa kamba, alisugua viganja kabla hata salamu haijatolewa.

"Giaboksi imekufa, mwanangu," akasema mama huyo, muuza mayai wa jumla, mtu wa kuomba punguzo hata msibani.

"Pole, mama. Mungu si Athumani. Ninayo moja."

Kweli alikuwa nayo: akiba ya gari lake mwenyewe. Sasa sikilizeni. Gari linalosukuma magurudumu yote manne lina sharti moja: meno ya giaboksi mbele na meno ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, yaendane, kama watu wawili waliobeba kabati. Giaboksi ile iliendana na gari la Laini tu. Ukiifunga kwa mwingine, magurudumu ya mbele yanataka kufika kabla ya ya nyuma, na gari linaruka kama chura. Mteja akichoka kuruka, Laini analinunua gari lake kwa bei ya chuma chakavu, anaitoa giaboksi yake, anaanza upya. Giaboksi ile ilikuwa imemlisha miaka.

"Itaendana na difu yangu?"

"Mama! Chuma ni chuma."

Mama akaomba punguzo, akapewa papo hapo. Hapo angeshtuka, lakini tamaa ina pamba masikioni.

Kona ya kwanza tu, gari likaruka, trei zote za mayai zikawa uji. Mama Mayai alilia kwa uchungu wa kweli. Kisha fundi wake akamweleza habari ya meno, na gari la nani lilikuwa na difu inayofaa. Akafuta machozi, akampigia Laini simu: "Njoo ulichukue hili gari, mwanangu. Nimeshindwa."

Laini akaja na gari lake, amevaa suti nyeupe, kwani jioni hiyo alikuwa anakwenda kuposa. Binti wa watu Laini alimpenda mno, na hilo ndilo neno pekee alilowahi kulisema bila kudanganya.

"Unakwenda ukweni na gari lenye tope?" Mama Mayai akashangaa. "Lete ufunguo, litaoshwa uani."

Bei ikaanza kujadiliwa sebuleni. Mama akasema lazima amuulize kaka yake. Kaka akasema aulizwe mkubwa wao. Mkubwa alikuwa amelala. Huko uani vyuma vikagongwa, ng'a, ng'a, ng'a.

"Wanaosha kwa nguvu," Laini akasema.

"Uchafu wako umeganda, mwanangu."

Mwishowe mama akaghairi kuuza. Akampa trei za mayai awapelekee wakwe, Laini akaondoka akinung'unika.

Barabara ya kwa akina binti ilikuwa ya zege, imepanda kilima kwa kona kali. Kona ya kwanza, gari likaruka. Ya pili, trei zikaruka nalo. Laini akang'ang'ania usukani, ute wa mayai ukimtiririka hadi kwenye soksi. Halafu gari la Mama Mayai likampita taratibu, limetulia tuli, na mama akampungia mkono.

Alipobisha hodi ukweni, ni Mama Mayai aliyefungua.

"Karibu. Mimi ndiye shangazi wa binti. Neno la mwisho ni langu."

Laini akapiga magoti. "Shangazi, nisamehe. Difu yangu mliyoibadilisha kule uani chukua, sitadai. Nipeni binti tu, nampenda."

"Posa tumeipokea," shangazi akasema, akageukia ndani. "Dada! Mumeo kafika!"

Akatoka bibi mmoja na mkongojo, mjane, anatafuna karanga upande wenye meno. Nyuma ya pazia binti alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

"Shangazi, si huyu!" Laini akalia. "Jamani, hatuendani!"

"Kuendana?" Shangazi akamtoa ganda la yai begani. "Si wewe uliyenifundisha? Chuma ni chuma, mke ni mke."

Bibi akaacha kutafuna. Akamtazama Laini kuanzia nywele hadi viatu, akazunguka nyuma yake akatazama na huko.

"Hapana," akasema. "Huyu simtaki hata mkinipunguzia."