Binti Mfalme wa Korea Hapa Liuli

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tamthilia ya Kikorea imefika kutoka Mbinga kwenye flashi. Binti mfalme hajawahi kutoka nje ya ikulu. Anaruka ukuta, anampenda fundi viatu. Balaa. Jana tu mshenga wa Cleopa kaja kumposa binti yangu Asteria. Cleopa mvuvi wa usipa, hawa dagaa wa ziwani kwetu, mtumbwi wenyewe wa kuazima. Nimemwambia binti bado mdogo. Mshenga akauliza, ana miaka ishirini na mbili, mdogo kuliko nani, mzee Zabron?

Banda la video ni langu, nimelijenga bila senti ya ndugu. Maiki ya kutafsiri ninashika mimi, na Kikorea hakijui mtu hapa. Asteria anapokea kiingilio mlangoni, picha haioni, sauti anaisikia. Binti mfalme atasema ninayotaka mimi.

Jumanne, 10 Juni
Karuka ukuta. Nimesema anamtafutia baba yake dawa. Fundi viatu akamshika mkono. Nimesema ni mganga, anapima homa. Mama Ottilia muuza samaki kauliza mbona homa inapimwa nusu saa. Nimeongeza sauti.

Alhamisi, 12 Juni
Binti mfalme anacheka kwenye mvua. Nimesema analia, kamkumbuka baba. Mama Ottilia kasema kwa hiyo kwenu, Zabron, mnalia meno yote nje. Sita wamedai kiingilio chao. Sikurudisha. Nimechungulia mlangoni: Asteria anafuta machozi. Mpango unakwenda.

Ijumaa, 13 Juni
Maiki imekufa. Nimetoka kutafuta waya. Kurudi, Asteria kasimama nyuma ya mabenchi, anatazama. Binti mfalme anakula barabarani na fundi wake, wanacheka. Hakuna anayetafsiri, na hakuna aliyepotea.

Nyumbani kaniuliza, baba, si ulisema analia? Nimemwambia Wakorea ndivyo wanavyolia. Akasema alikuwa anamlilia yule dada kila siku, akidhani kila anayetoka kwao anateseka. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Ugali umenishinda.

Jumapili, 15 Juni
Flaviani, mjomba wa Asteria, kapokea posa ya Cleopa. Nimeambiwa nje ya kanisa, kama mgeni. Asteria kapiga goti mbele ya watu, shikamoo baba, akaniomba nikakae nao mezani kwa mjomba. Nimesema nina kazi. Nimekwenda bandani, nikakaa benchi la mbele. Kazi haikuwepo.

Jumamosi, 19 Julai
Harusi imepita. Nilikwenda, nikakaa karibu na mlango. Asteria alicheka siku nzima, na safari hii sikuwa na maiki.

Nyumba imekuwa kubwa. Nikipika, nakosea kipimo, napika cha wawili.

Cleopa kapanga chumba kule ufukweni. Nimepima kwa hatua: upepo ukitulia, sauti ya banda inafika mpaka dirishani kwao. Na leo imekuja tamthilia mpya, binti mfalme mwingine, kaolewa na mvuvi. Nimepandisha spika juu ya paa, nimeielekeza kwao. Kesho sehemu ya kwanza, na maiki imeshapona. Mume anakoroma, dagaa wamechacha, na binti mfalme anasema anataka kurudi kwa baba.