Sheri ya Uwele

Jumatatu, 3 Juni 1912. Dodoma.
Leo nimepata akili! Mhispania muuza mvinyo ameshuka na treni, amefikia hotelini kwa Mgiriki, na mezani nahudumu mimi. Hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, basi nikasikia yote. Kwao hupanga mapipa safu tatu. Safu ya chini, yenye mvinyo mkongwe, haimalizwi kamwe: wakichota kidogo, hujaza kwa ule wa safu ya juu yake, na huo kwa ule mchanga. Mvinyo wenyewe huitwa sheri. Ipo nyeupe, kavu, inayolala chini ya utando mweupe. Ipo iliyopoteza utando ikawa rangi ya asali. Na ipo nyeusi, nzito, iliyotiwa kileo kikali mapema. Utando ndio siri, alisema.

Jumapili napeleka pombe kwa Mzee Matonya, kumwomba binti yake Loisi. Kefa wa reli naye anapeleka siku hiyohiyo. Kefa ataleta pombe ya uwele kama watu wote. Mimi nitaleta sheri! (Mwalimu wa misheni asijue.)

Jumanne, 4 Juni.
Shangazi Ruthu kanipikia pombe ya uwele, vyungu vitatu. Nimevipa majina: Nyeupe, Asali, Nyeusi. Nyeusi nimeitia chupa nzima ya brandi ya Mgiriki. Akiiulizia, nitasema chupa ilipasuka. Nachota huku, najaza kule. Shangazi kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Juni.
UTANDO! Mweupe, mnene, umetanda chungu kizima. Nusura nilie. Shangazi kasema pombe imechacha, niimwage. Nikamwambia mambo ya Hispania hayajui. Akajibu kwamba kwa harufu ile, Hispania wenyewe wameshajua. Wivu tu.

Jumapili, 9 Juni.
Ole wangu. Desturi ni kwamba aliyeleta pombe huonja kwanza, wazee wakimtazama, wajue haina ubaya. Nikapiga kibuyu kizima cha Nyeupe. Machozi yakanitoka. Nikasema ni ya furaha. Mzee Matonya akaonja, akatema, akamuuliza mkewe kama wao wawili wamewahi kunikosea. Nyeusi ikamwangusha mjomba wa Loisi palepale. Alipoamka alimwamkia mbuzi shikamoo. Pombe ya Kefa waliimaliza hadi machicha, wakamsifu mama yake. Mzee akasema binti yake haendi kwa mtu anayewanywesha wageni siki. Loisi alikuwa mlangoni. Hakucheka. Heri angecheka.

Jumatano, 12 Juni.
Loisi kaja mlango wa jiko! Amemlilia baba yake siku mbili. Nimepewa Jumapili moja tu. Nikiharibu, Jumatatu wanapokea ng'ombe wa Kefa na mambo yamekwisha. Akaniomba nilete pombe ya shangazi, ileile, nisiiguse. Akasema kati ya watu wote wa Dodoma anamtaka mjinga huyu mmoja. Nimeapa. Kwa furaha nikavunja bilauri mbili za Mgiriki.

Jumamosi, 15 Juni.
Pombe ya shangazi ni tamu ajabu. Sikuitia kitu, hata tone! Shangazi kanionya jambo moja tu: nisizibe chungu, bado inachemka kwa chachu, lazima ipumue.

Ila leo mchana, mezani, Mjerumani mmoja alisema mvinyo ukisafirishwa baharini hunoga zaidi, kwa vile mawimbi huutikisa. Nikafikiri. Dodoma hatuna bahari. Lakini tuna treni!

Chungu kiko kwenye behewa la mizigo kwenda Saranda, kinarudi kesho asubuhi, kabla wazee hawajakaa. Kiapo changu ni kizima: mimi sijaigusa, inatikiswa na reli. Na isije ikamwagika njiani, nimeuziba mdomo wa chungu kwa kizibo cha mti, juu udongo, juu ya udongo ngozi, na kamba mizunguko saba. Haipiti hata pumzi. Maskini Kefa, namhurumia.