Kifuniko cha Sufuria na Solo ya Neema

Aibu niliyoipata leo mchana hapa Kanombe sijui nitaificha wapi. Naandika haya nikiwa stoo, nimekaa juu ya gunia la viazi, na sitoki mpaka mgeni rasmi aondoke.

Kwa wasiojua: binti yangu Neema ana miaka kumi na tano na anapiga ngoma ndogo kwenye bendi ya vijana. Likizo hii bendi imezunguka nchi wiki tatu. Watoto sitini, wanalala madarasani, asubuhi mazoezi, jioni maonyesho. Walipotafuta wazazi wa kujitolea kupika, nikachukua likizo kazini nikaja. (Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nyumbani najua chai, tena ya rangi.) Mpishi hasa ni Mama Zainabu wa Biryogo, ambaye sufuria la watu mia halimtishi. Mimi nakata vitunguu na kuchochea kuni. Cheo cha Mkuu wa Lishe nimejipa mwenyewe, maana mjini hapa bila cheo hupewi hata kiti.

Kambi ilianzia hapa hapa kwenye shule ya Kanombe, ambapo ndege zinapita juu ya paa. Unaita watu waje kula, sauti inakwenda na ndege. Nikabuni kitu. Nikachukua kifuniko cha sufuria kubwa na upawa wa chuma, nikagonga: pa-pa-pa, paa! Asiyefika kwenye foleni kabla sijahesabu ishirini, anaosha masufuria. Mlangoni nikaandika kwa chaki: KIFUNIKO KIKILIA, ACHA YOTE, NJOO.

Wakazoea. Wiki ya pili walikuwa wanaacha hata viatu bafuni. Mwalimu Faustin, kiongozi wa bendi, anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo inamtoka ndipo wajipange. Mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ana filimbi na mimi nina kifuniko, tuone nani anatiiwa. (Siku za mwizi ni arobaini. Zangu ziliishia ishirini na moja.)

Leo tumerudi tulipoanzia, ndiyo onyesho la kufunga ziara. Wazazi wamejaa uwanjani, mgeni rasmi kavaa suti na jua lote hili la Agosti. Neema ana solo, ya kwanza maishani mwake. Asubuhi alinifuata jikoni, akasimama mbali kidogo na moshi.

"Papa, kwa solo yangu, tafadhali, usiseme kitu. Hata jina langu usiite."

Nikamwahidi. Alikuwa na sababu zake. Kule Huye niliita jina lake mara nne, na mara ya nne alikuwa ananywa maji tu.

Saa saba nikasikia matarumbeta yananyamaza. Nikajua ndiyo yeye. Nikatoka mbio nyuma ya jukwaa nikiwa na kifuniko mkono mmoja na upawa mkono mwingine, kwa sababu nilikuwa naangalia maharage. Bendi nzima imesimama wima, kimya. Neema katikati peke yake. Akaanza taratibu, vijiti havionekani vikigusa ngoma. Halafu akakaza. Mama mmoja kando yangu akapiga vigelegele, mwanawe wala hakuwa anapiga chochote.

Jamani, mimi ni mzazi. Kifua kilinijaa. Nikakumbuka nimeahidi kutosema kitu. Nikajiambia kilichoahidi ni mdomo, mikono haikuahidi. Basi nikamshangilia kwa nilichokuwa nacho mkononi. Na mikono ya wiki tatu inajua wimbo mmoja tu.

Pa-pa-pa, paa!

Ngoma kubwa ikageuka ya kwanza. Halafu matoazi. Halafu matarumbeta yote, mguu kwa mguu, mistari imenyooka namna ambayo Mwalimu hajawahi kuipata, wakapita mbele ya mgeni rasmi wakielekea jikoni. Filimbi ya Faustin ililia mpaka ikakauka. Hakuna aliyegeuza shingo. Mgeni rasmi akadhani ni sehemu ya onyesho, akasimama kupiga makofi, akafuata. Wazazi nao, wakimwona mkubwa anakwenda, wakafuata.

Uwanjani akabaki Neema, vijiti viko hewani. Akaniangalia. Sitaki kuwaeleza macho yale.

Jikoni, watu mia mbili kwenye foleni. Mama Zainabu anauliza nani kaita watu. Nikasema sijui. (Kifuniko kiko mkononi.)

"Papa Neema, maharage iko mawe," akasema. "Hata chumvi bado."

Mgeni rasmi, wa kwanza kwenye foleni, sahani mkononi, akauliza mkuu wa jikoni ni nani. Wiki nzima nilikuwa nimeandaa maneno mawili matatu ya kujitambulisha kwake. Watoto hamsini na tisa wakaninyooshea kidole kwa pamoja, bila filimbi.

Akaona maharage. Akaona kifuniko. Akasoma chaki mlangoni, polepole, kwa sauti. Kisha akamgeukia Faustin, akasema kwa upole kwamba kama chakula bado, basi yule mtoto amalizie.

Tukarudi wote. Faustin akaninyang'anya upawa na kifuniko, akaweka wapiga tarumbeta wawili, mmoja kila upande wangu, wanishike mikono. Neema akaanza solo yake upya, na safari hii alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa tamu kuisikia. Alipomaliza uwanja mzima ukasimama. Mimi nililia. Kufuta machozi nikashindwa, mikono ilikuwa imeshikwa.

Sasa hivi kapita hapa stoo, kanipa sahani ya maharage. Bado magumu, nayala hivyo hivyo. Kifuniko kiko kwapani mwake.

Mwenye video aifute, hasa wewe shemeji uliyekuwa unarekodi. Na kama ni lazima mcheke, msigonge meza. Watoto watakuja na sahani.