Sikio ni Kagwe, Naapa

Jumatatu, 12 Mei

Mimi Job Mukhisa nilizaliwa na bahati mpaka inanichosha. Wengine wanautafuta muziki wa zamani Nairobi, wanautafuta London, wanarudi mikono mitupu. Mimi ulinifuata wenyewe hapa Kitale. Mtu wa skrapu wa Kipsongo aliniuzia kompyuta iliyokufa, ya mzee mmoja wa mashamba makubwa. Nikaipasua tumbo nitoe vyuma. Ndani ya diski, mamia ya albamu! Roki ya wazungu wenye nywele za kike. Nyimbo za vijijini Uskoti. Marekani ya milimani. Hata litungu, kile kinubi cha Wabukusu, na gitaa za kwetu Bungoma, zilizorekodiwa kabla sijazaliwa. Na nimezisikiliza zote. Zote! Upande wa kwanza, upande wa pili, mpaka mwisho. Hakuna masikio kama haya kutoka hapa mpaka Juba, na Juba nimefika.

Ndiyo maana nilianzisha grupu ya WhatsApp, Sindano na Santuri. Kila jioni mtu anapendekeza albamu moja ya zamani, wengine wanaisikiliza na kutoa maoni. Mwenyekiti ni mimi. Nilijichagua. Kibandani kwangu Matisi, kila memori kadi ninayomjazia mteja nyimbo inatoka na kiungo cha grupu, bure. Biashara ni akili, na akili si lazima ipitie Form Four. Mimi nilishukia Form Two.

Leo Pauline, wa redio moja ya Bungoma, ametangaza kwenye grupu. Kituo chao kinatafuta mtangazaji wa muziki wa zamani, saa moja kila Jumapili. Jumamosi tukutane Bungoma, anayetaka asimulie albamu moja, grupu ipige kura. Hicho kiti ni changu! Mke wangu Nekoye ameuliza kama nimejiandaa. Nimemwambia mtu mzima hajiandai kupumua.

Shida ni moja tu. Sikio.

Jumanne, 13 Mei

Sikio ni nani? Namba tupu, jina hilo tu, na picha ya kuku mweupe. Aliingia baada ya Pasaka akanyamaza kama amekuja kusoma mita ya stima. Siku hizi kila jioni anapendekeza, na watu wazima wanalia.

Jana mimi nilileta Daraja na Ukungu. Silo jina lake, lakini ndiyo picha ya jalada. Nikaandika kwamba ni roki nzito, gitaa inaunguruma mwanzo mpaka mwisho, inafaa mtu anayepasua kuni. Sikio akajibu pole pole, ati ni nzuri mwenyekiti, lakini wimbo wa mwisho tuusikilize kila mtu akiwa peke yake. Ati hapo gitaa inanyamaza, mtu anabaki anaimba kama anayefunga mlango wa nyumba ya marehemu baba yake.

Kagwe akaweka machozi. Pauline akaandika ati hiyo sasa ndiyo redio. Ati ndiyo redio!

Namshuku Kagwe. Anauza misumari na mabati Kibomet, ana kinanda cha santuri cha babake, kizima, na hiki kiti anakitamani. Kwa nini alilia haraka vile? Mtu hulia haraka namna hiyo akisoma maneno yake mwenyewe. Kagwe ana laini ya pili. Sikio ni Kagwe, naapa. Huyo anataka kura mbili!

Jumatano, 14 Mei

Nimeweka mtego. Nimeingia dukani kwa Kagwe kama mtu wa kununua bawaba, nikajibanza nyuma ya mabati, nikapigia Sikio.

Simu ya Kagwe ikalia!

Nikaruka nje nikipiga kelele kwamba nimemshika leo, mwizi wa kura. Mabati yakaanguka. Wilbaro ikatoka yenyewe mpaka barabarani. Kagwe akasimama na simu sikioni, akaomba ruhusa amalize, kwa sababu ni bibi yake Wangui anayeuliza kama apike githeri au chapati.

Sadfa? Mimi siamini sadfa. Kagwe aliniuliza kama niko sawa, akasema bana Job, wewe unahitaji kukaa chini, akaagiza chai na mandazi. Nilikunywa. Nilikula. Chai ni chai, lakini shuku yangu iko palepale.

Jioni Sikio akaandika mbele ya grupu nzima. Ati ameona mwenyekiti amepiga, anisamehe, hawezi kuongea na mimi kwa simu, si vizuri. Si vizuri! Mnaona? Anaogopa nitaitambua sauti.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimetangaza vita. Nimemwandikia Sikio wazi: kama wewe ni mwanaume, Jumamosi toa sura. Nitakupakata kwa haya mapaja kama mtoto, nikufundishe kusikiliza. Halafu tucheze dansi, kifua kwa kifua, mpaka uombe maji.

Grupu ikacheka mpaka simu ikapata moto. Sikio akaonekana anaandika, anafuta, anaandika tena. Kisha, ati Mungu anisamehe mimi mwenyekiti, maana sijui ninaongea na nani.

Nekoye alisoma juu ya bega langu. Alipomwona yule kuku mweupe, sufuria ikamtoka mkononi. Akatoka nyuma ya nyumba akapiga simu. Akarudi amebadilika rangi, akaniambia nifute hayo maneno, sasa hivi, kwa sababu Job, huyo ni... Nikamkata hapo hapo. Nikamwambia ninajua huyo ni nani, nimemjua tangu Jumanne. Akauliza, unajua na bado umeandika hivyo? Nikasema ndiyo, na nitaongeza! Alinitazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye unga. Akasema kesho anaenda Bungoma kumwona mama yake.

Aende na amani. Nikamkumbusha amsalimie. Mimi ni mtu wa roho safi. Mzee wao alipokufa ile nyumba ilinyamaza, na Pasaka ni mimi niliyemtumia mama mkwe simu kupitia Nekoye, memori kadi imejaa nyimbo zangu zote kutoka kwa ile diski. Nani anafanya hivyo? Na yote kwa heshima, kutoka mbali. Sisi Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani, hawakai nyumba moja. Hata jina lake silitaji, hata humu. Tuna adabu. Si kama huyo Kagwe.

Ijumaa, 16 Mei

Nekoye ameondoka bila kuniaga vizuri. Ugali nimepika mwenyewe, umeungua chini na juu uko mbichi. Sijui nilifanyaje.

Nimechagua albamu yangu ya kesho. Litungu na gitaa, picha ya mzee amekaa juu ya jiwe. Nikaanza kuirudia. Wimbo wa pili mteja akaja na simu iliyoingia maji. Imetosha, ladha nimeipata. Nitasema ni ya harusi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandikia haya kwa ami yangu, mzee Barasa, Bungoma. Nimevaa suruali yake. Yangu iko kwa kamba.

Nilianza vizuri! Mkahawa ulijaa, Pauline mbele, Kagwe kando amekaa kipole kama kondoo wa hila. Nikasimulia Mzee wa Jiwe. Nikasema ni albamu ya harusi, ukiisikia hata kiwete anacheza. Makofi. Nikaona nimalize adui kabisa. Nikavuta kiti katikati, nikakaa, nikapiga mapaja yangu kwa viganja. Nikaita: Sikio, woga wa nini, njoo ukae hapa!

Mlango ukafunguka. Nekoye. Nyuma yake shemeji yangu Tonny. Katikati yao, na kofia ya kanisani, na simu ambayo niliinunua mimi, mama mkwe.

Akasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu, kwamba Sikio ni yeye.

Damu ilinishuka mpaka kwa soksi. Nikavuta kitambaa cha meza, nikajifunika kichwa. Chumvi, pilipili, chai ya mtu, vyote vikanifuata. Wabukusu wote mle ndani wakainamisha uso mara moja. Lakini Kagwe ni Mkikuyu wa Murang'a, anajua nini? Akafurahi! Akanishika mkono, ati kumbe ni mama yako mkwe, si umsalimie bana, si ulimwahidi dansi! Akawa ananisukuma kwa mama mkwe. Anasukuma! Mimi narudi nyuma, kitambaa kichwani, sioni. Nikapata dirisha la jikoni. Nikapita. Nikaangukia karai ya maji ya vyombo.

Sikuweza kurudi. Sikuweza pia kwenda, kura yangu ilikuwa ndani. Nikasimama chini ya dirisha na povu kwenye masikio, nikamsikia akisimulia.

Alileta ile ile, Mzee wa Jiwe. Akasema wimbo wa nne, mpiga litungu anasimama katikati, anakohoa, kisha anaendelea. Waliorekodi hawakukata. Akasema marehemu mume wake alikuwa anakohoa vile vile akianza hadithi, na tangu azikwe hakuna mtu aliyekohoa katika ile nyumba, mpaka siku alipoletewa simu. Basi jioni anaweka wimbo wa nne, anangoja pale.

Wakaucheza. Hata mimi nikaukaribia ukuta nisikie. Mzee alikohoa. Nikaondoa povu masikioni. Kisha Kagwe akapenga kamasi kama honi ya lori, akaharibu kila kitu. Makusudi.

Kura zote kwake. Nami nilimpigia, nikiwa nje, kwa mkono juu. Hakuna aliyeuona.

Jumapili, 18 Mei

Mzee Barasa ameketi na kesi yangu. Akaniambia nirudie maneno niliyomwandikia mama mkwe. Nikarudia. Akaniambia tena, ati hakusikia vizuri. Mara ya tatu aliita majirani. Akasema ameamua mambo ya wakwe maisha yake yote. Aliwahi kumwona mtu aliyegongana na mama mkwe kwa posho mili, wakisaga mahindi. Lakini aliyemwalika mapajani, kwa maandishi, tena mbele ya watu, huyo ni wa kwanza.

Uamuzi: kondoo na blanketi, vipelekwe na watu wengine, mimi nisionekane. Hiyo nimekubali, nimemkosea mama wa watu. Lakini kuna la pili. Mzee Barasa amesema grupu ni nyumba. Mkwe na mama mkwe hawakai nyumba moja. Mmoja atoke, na si yeye.

Grupu yangu! Niliyoizaa!

Nimetoka. Wamemchagua mwenyekiti mpya kabla viatu vyangu havijapoa mlangoni. Kagwe.

Sasa nauliza. Nani amefaidika? Nani alinisukuma? Nani alininywesha chai Jumatano nilale usingizi?

Jumapili, 25 Mei

Kipindi chake cha kwanza. Tulikuwa hatujui kama sauti ya redio inahesabika kama kuonana. Mzee Barasa amesema niruhusiwe, mradi nisimame nyuma ya mlango. Nikasimama. Nekoye akakaa karibu na redio akitabasamu, ameanza kuniongelesha tena, kidogo.

Mama mkwe alianza kwa kumshukuru mkwe wake aliyerudisha sauti nyumbani kwake. Hakutaja jina. Ana adabu. Nekoye alikuja nyuma ya mlango akanishika mkono. Kisha mama akawaambia wasikilizaji kwamba albamu ni kama mgeni, ukimkaribisha umwache amalize kuongea.

Maneno hayo yanamlenga nani? Yameandikwa na nani? Nanusa misumari. Nanusa mabati. Kagwe!

Ndiyo maana nimenunua laini ya pili. Mzee Barasa alimfukuza Job, hakumfukuza mtu mwingine. Nimerudi kwenye grupu kwa jina la Bata, picha ya bata. Na bahati nzuri nimeingia kwa wakati! Kuna namba mpya humo, picha ya ng'ombe, jina Mama wa Kanisa, inasifu kila neno la Sikio. Mama wa Kanisa wapi! Huyo ni Kagwe, safari hii ni yeye kabisa. Nimeshamwandikia kwamba nikimpata nitambeba mgongoni mpaka Webuye.

Nekoye anapika. Anasema mama yake mdogo, dada ya mama, naye amenunua simu. Mimi sina muda wa habari za simu za watu.

Bata pia amependekeza albamu, ile yenye msichana na mbuzi kwenye picha. Wameuliza wimbo gani humo ni mzuri zaidi. Bata hajajibu mpaka sasa. Yale niliyoandika mwanzoni, ati nimezisikiliza zote mpaka mwisho, ni uongo. Sijamaliza hata moja.