Ndege Iliyozikwa Uwanjani

Rubani alipopita kando ya uwanja mdogo wa ndege wa wakati wa vita, hakuona majani yaliyopasua zege wala mbuzi waliojilaza kwenye njia ya kurukia. Aliona riziki. Ndege yenyewe hakuwahi kuipanda. Jina hilo alipewa kwa kuwa maneno yake hayakuwahi kugusa ardhi.

Kufikia mchana alikuwa ameshamnong'oneza tajiri wa duka la vyuma kwamba vita vilipokwisha, askari walizika pale ndege mpya kabisa, ikiwa bado na grisi ya kiwandani. Akitoa pikipiki yake, ataonyeshwa mahali. Tajiri, mtu wa kupima misumari mara mbili, alitaka kwanza shahidi.

Shahidi akapatikana: mama wa makamo aliyelinda uwanja, ambaye marehemu baba yake alikuwa mfagizi wa askari walewale. Rubani alimwomba aitikie kwa kichwa tu, basi. Lakini mama akawapeleka hadi nyuma ya kibanda cha redio, akakanyaga bamba la zege.

"Siku ya kuondoka walipafunika hapa, baba akiona," alisema taratibu. "Kilichomo, marubani wote walikuwa wanakijia kila asubuhi kabla ya kuruka. Hakuna aliyekosa."

Tajiri akamkabidhi Rubani ufunguo wa pikipiki palepale, akakimbilia mjini kutafuta vibarua. Rubani akabaki ametoa macho. Maneno yale si yeye aliyemfundisha mama.

"Mama, hayo umeyatunga?"

"Nimsingizie marehemu baba yangu, mwanangu?"

Hapo tamaa ikamvaa. Pikipiki ni nini mbele ya ndege nzima? Akaomba achimbe kabla tajiri hajarudi. Mama akasitasita, akasema atafukuzwa kazi, na kwa miguu yake hii hataweza kuzunguka kutafuta nyingine. Rubani akamkabidhi ufunguo wa pikipiki. Mama akamwazima sururu, akajifunga mtandio vizuri, akawasha, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Rubani alichimba mpaka shati likamganda mgongoni. Zege lilipopasuka, akatumbukia hadi kiunoni, na harufu iliyompokea ilikuwa imefungiwa humo tangu vita. Kilikuwa choo cha marubani.

Tajiri alifika na vibarua wanne, akaziba pua, akamkagua mtu wake kuanzia kiunoni kwenda juu. Akauliza ndege iko wapi, na pikipiki iko wapi.

"Zimeruka," Rubani akasema.